Mrejesho: mkasi wa mashoto

Assalaam alaykum jamani. Mie ndiye fundi cherehani wa Mkunazini niliyeuliza, kwa sie mashoto, ninunue mkasi wa "mikono yote" au niagize wa kushoto hasa. Wengi mlisema niagize. Nimeagiza, inchi 9, kwa jamaa anayeleta mizigo kutoka Dubai.

Kabla ya kulipa niliujaribu ule wa mikono yote pale Darajani. Mpini haubani gumba, kweli, lakini makali yamepangwa vilevile kama ya mkasi wa kulia, kali la kulia juu. Basi mstari wa chaki unafichika, na mkono wa kushoto ukifumba unayaachanisha makali badala ya kuyabana. Poplini ikajikunja katikati, haikukatika. Ule ni mkasi wa kulia uliobadilishwa mpini tu, msidanganyike.

Huu wangu kali la kushoto ndilo liko juu. Chaki naiona mwanzo mwisho, hata kwenye duara la shingo ya kanzu, pale nilipokuwa nikikata kwa kukisia. Tabu ni gumba: kwa mkasi wa kulia limezoea kuvuta kwa ndani, na kwa huu ukivuta hivyo makali ndiyo yanaachana. Nikajizoesha kwenye vipande vya kitambaa cha marekani kwanza. Sasa shina la gumba haliumi tena jioni.

Nimeufunga utepe mwekundu, maana mwanagenzi wangu ni wa kulia na aliuchukua akatafuna nao kitambaa cha mteja.

Na aliyeuliza kuhusu kunoa: mwambie mnoaji mapema kuwa ni wa kushoto, mshazari wa makali yake umegeuzwa.