Uso mpya wa geji za MX-5 ya 1991, kutoka maili kwenda kilomita: usiku namba za zamani zinapenya na mshale unakwama

roadster91 anauliza:

Habari wakuu. Gari ni Mazda MX-5 ya 1991, spidomita ya kebo, uso wake unasoma maili 0 hadi 140. Nataka isome kilomita kwa saa, na geji nyingine nne zifanane nayo kwa herufi na rangi. Nyuso zote nimezichora upya kwenye kompyuta, nikazichapa kwenye stika ya vinaili ya milimita 0.15, nikang'oa mishale na kuzibandika juu ya nyuso za zamani.

Mchana inapendeza. Usiku ndipo balaa: namba mpya ni giza tupu, na zile za maili zinapenya kwa chini kama kivuli. Pia baada ya siku chache za jua kali, ukingo wa tundu la katikati kwenye geji ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) umeinuka na mshale unakwama kidogo ukipita 2. La mwisho, GPS ikisema 80 spidomita inasema 87, GPS ikisema 110 yenyewe inasema 117. Mshale niliurudisha kwa kukisia juu ya sifuri.

Pembe kutoka 0 hadi 140 nimeipima, ni nyuzi 252, na alama zimeachana sawasawa. Je, stika nene zaidi itatatua?

uso_mweusi:

Mkuu, stika nene itazidisha matatizo. Swali la kwanza kabla ya kuchora chochote ni hili: mwanga wa geji unatokea wapi? Kwenye magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960 na 1970 yenye geji za kampuni ya Smiths, balbu iko ndani ya kopo la geji na mwanga wake unamwagika pembeni mwa uso, halafu unaangaza kwa mbele. Uso wenyewe ni bati. Hapo stika inakubali vizuri, kwa sababu hakuna mwanga unaotakiwa kupita ndani yake. Geji yako ni ya aina nyingine. Balbu ziko nyuma, uso ni plastiki angavu iliyochapwa weusi, na namba ni sehemu ambazo weusi umeachwa wazi. Ukiweka namba ya kilomita mahali pasipokuwa na namba ya maili, chini yake kuna weusi wa kiwandani. Mwanga hautapita hata stika iwe bora namna gani. Na pale palipokuwa na "60" ya maili, mwanga unafika hadi kwenye stika yako na kuipenya.

Kwa hiyo stika inafaa kwako pale tu namba zinapobaki mahali pake, mfano RPM ukibadilisha rangi peke yake. Kwa spidomita tengeneza uso kamili unaochukua nafasi ya ule wa zamani. Wa zamani usiukwangue weusi. Uhifadhi kama ulivyo, siku moja utauhitaji.

Pima unene wa uso wa zamani kwa kaliba (kipimio cha unene) kabla ya kununua filamu, yaani karatasi ya plastiki ya kuchapia uso mpya. Uso mpya ukiwa mwembamba kuliko wa kwanza, skrubu zitaukaza hadi ukunjike. Kama filamu inayopatikana ni ya milimita 0.25, bandika mbili kwa karatasi ya gundi ya 3M 467MP, ambayo ina 0.05 tu, utapata 0.55. Epuka 468MP kwa kazi hii: ina 0.13, na unene huo wa gundi laini unasogea ukipata joto.

Filamu iwe polikaboneti (plastiki ngumu) yenye uso usiong'aa. Vinaili inasinyaa kwa joto la dashibodi, na ndiyo iliyokuinulia ukingo. Huanza kwenye tundu la katikati kwa sababu pale kuna ukingo mwingi na eneo dogo la gundi. Karatasi ya picha ni mbaya zaidi, inavuta unyevu na kujikunja kama jani kavu.

Chapa upande wa nyuma, picha ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, ili wino ulindwe na filamu yenyewe. Weusi wenye namba zilizoachwa wazi uje kwanza, kisha rangi ya namba, kisha nyeupe inayopitisha mwanga juu ya rangi. Weusi upige mara mbili. Pigo moja linaonekana jeusi mezani, lakini zima taa ya chumba, weka tochi ya simu nyuma ya filamu, utaona vitundu kama nyota. Kila kimoja kitaonekana usiku ukiendesha. Vichache vizibe kwa nyuma kwa kalamu ya rangi nyeusi ya mafuta. Vikiwa vingi, rudia kuchapa.

Ugeuze pia uso wa zamani utazame nyuma yake. Ukiona vidoti au kivuli cha kijivu karibu na mahali pa balbu, usidhani ni uchafu. Vimewekwa ili mwanga usiwe mkali sehemu moja. Usipovichora kwenye uso mpya, namba zilizo jirani na balbu zitawaka kupita kiasi na za pembeni zitafifia. Vinakili kwa skana pamoja na mengine.

Kuhusu skana: 600 dpi (nukta kwa inchi) inatosha, pikseli moja ni kama milimita 0.042. Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa halisi, kata, ipangilie juu ya uso wa zamani dirishani kwenye mwanga. Programu nyingi za kuchapa huweka kimya kimya chaguo la "kutosha kwenye ukurasa" na kupunguza asilimia kadhaa. Chora mstari wa milimita 100 pembeni ya mchoro na uupime kwa rula kila unapochapa.

mshale_sifuri:

Naongezea upande wa hesabu na mshale, maana hapo ndipo kazi nzuri ya kuchapa inapoharibika.

Nyuzi 252 kwa maili 140 ni nyuzi 1.8 kwa maili. Kilomita 10 ni maili 6.214, kwa hiyo kila kilomita 10 ni nyuzi 11.185. Usizungushe kuwa 11.2 kisha ukarudia alama kwa alama, kosa linajikusanya. Kokotoa kila alama kutoka sifuri: 100 inakaa nyuzi 111.85, 200 inakaa 223.7, 220 inakaa 246.1. Uso ukiishia 220 unatosha, maana maili 140 ni kilomita 225. Wewe una bahati kwamba alama zimeachana sawasawa. Kwa spidomita zinazoanza na alama zilizobanana karibu na sifuri, pima pembe ya kila alama ya zamani na ugawanye kati ya alama mbili jirani.

Sasa hiyo 87 badala ya 80, na 117 badala ya 110. Tofauti ni 7 kotekote, na hiyo inasema mengi. Ndani ya spidomita ya kebo kuna sumaku inayozunguka na kikombe cha alumini kinachovutwa nayo dhidi ya springi nyembamba. Mshale ukikaa vibaya, kosa ni lilelile kwenye kila kasi. Sumaku ikipungua nguvu au tairi ikiwa ya saizi nyingine, kosa linakua kadiri kasi inavyokua. Lako ni la mshale: kilomita 7 ni karibu nyuzi 7.8.

Sehemu ya hizo 7 inaweza kuwa ya kiwandani, kwa sababu kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 hairuhusu spidomita kuonyesha chini ya kasi halisi, ila inaruhusu kuzidisha hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo usivute mshale hadi ulingane na GPS kabisa. Acha uzidi kwa 2 au 3. Ukiuweka sawasawa kabisa, tairi mpya yenye kipenyo kikubwa kidogo itakufanya uende kasi kuliko unavyosoma.

Kosa la kukisia kwenye sifuri ni hili: ile nguzo ndogo ya kusimamishia mshale haiko kwenye sifuri ya springi. Springi imevutwa kidogo tayari, mshale unailalia nguzo. Kabla ya kung'oa, unyanyue mshale kwa upole uvuke nguzo, uache uning'inie wenyewe, gonga paneli kwa kidole mara mbili tatu, kisha weka alama kwenye utepe wa karatasi uliobandikwa nje ya duara. Hiyo ndiyo sifuri ya kweli. Wakati wa kurudisha, uelekeze kwenye alama hiyo na ndipo uuvushe nguzo.

Wewe alama hiyo umeshaipoteza, basi tumia drili. Viwango vya Japani vinaweka mzunguko wa 637 kwa dakika kuwa kilomita 60 kwa saa. Kata kipande cha waya wa ndani wa kebo ya zamani, kifunge kwenye drili, soma mizunguko kwa takomita ya mwanga (kipimio cha mizunguko) na kipande cha utepe unaorudisha nuru. Kwanza zungusha gurudumu kwa mkono uone kebo inaenda upande gani, drili iende upande huohuo. Kwa 637 mshale ukae 60, kwa 1062 ukae 100, kwa 1274 ukae 120, halafu mwishoni uuongeze zile 2 au 3. Ukisukuma mshale 60 ukakaa sawa lakini 120 ikasoma 112, usiendelee kuhamisha mshale. Hapo tatizo ni sumaku. Kumbuka kila dakika ya drili kwa 637 ni kilomita moja halisi kwenye odomita (kihesabu cha umbali). Na odomita yenyewe itaendelea kuhesabu maili, kwa hiyo andika "maili" wazi karibu na kidirisha chake, mnunuzi wa baadaye asidanganyike.

Kung'oa: vijiko viwili vya chai, kimoja kila upande wa kitovu cha mshale, kadi ngumu chini yake, bonyeza mikia ya vijiko kwa pamoja. Ukigoma, upashe kwa mashine ya kukaushia nywele sekunde 20. Usiuzungushe kwa nguvu dhidi ya nguzo. Kurudisha: ubonyeze kidogo tu, pima, rekebisha, na ukiridhika ubonyeze mpaka mwisho huku kadi nyembamba ya milimita 0.3 ikiwa chini ya kitovu. Kadi itoke bila kukwaruza. Tundu la uso liwe kubwa kuliko shafti na dogo kuliko kitovu, ili lifichike. Kukwama kwako kwenye 2 ni ukingo ulioinuka kugusa kitovu, nina hakika.

roadster91:

Nashukuru sana, sasa naelewa kwa nini usiku ilikuwa vile. Geji tatu ndogo je? Za mafuta na joto hazina sifuri ya kuaminika, mshale unabaki ulipoachwa. Na nikiweka LED?

mshale_sifuri:

Kabla ya kung'oa mishale ya geji hizo, chomoa waya wa sensa, unganisha rezista ya omu 100 yenye wati 5 kati ya waya huo na bodi ya gari, washa swichi, subiri dakika mbili, piga picha mahali mshale ulipo. Baada ya uso mpya, rezista ileile, mshale mahali palepale. Haijalishi rezista inaonyesha nini, mradi mshale usiwe umegonga mwisho. Fanya na ya omu 47 pia upate pointi mbili. Kwa RPM tumia jenereta ya mawimbi: injini ya silinda 4 hutoa mapigo mawili kwa mzunguko, basi hezi 100 ni RPM 3000.

Presha ya oili: kwa 1991 ni geji halisi, ipime hivyohivyo. Kwa MX-5 za kuanzia 1995 ile sensa ni swichi tu, mshale unasimama katikati injini ikiwaka, na kuchora alama za namba juu yake ni kumdanganya dereva.

Paneli isilale kifudifudi mishale ikiwa imetoka. Geji za aina hii zina silikoni nzito ya kutuliza mshale, ikivuja kwenye uso mpya huifuti ikaisha.

uso_mweusi:

LED sawa kwenye taa za mwanga wa geji (balbu za aina ya T10), ila chagua nyeupe ya joto na uangalie kama kuna kichujio cha rangi ndani ya paneli. Nyeupe ya baridi kupitia kichujio cha kijani inatoa rangi ya hospitali. Kizungushio cha kupunguza mwanga huenda kisifanye kazi vizuri nazo. Balbu ya onyo la chaji usiiguse: kwenye magari mengi ya zamani umeme wa kuamsha alteneta unapitia humo, LED ya kawaida haipitishi wa kutosha.

Mwenye geji za Smiths za bimetali (mshale husukumwa na kipande cha metali mbili kinachopinda kwa joto) anayesoma hapa: mshale wa mafuta na joto kwenye zile hauchomoki, umeshikamana na kikono cha ndani. Stika yake ikatwe mpasuko kutoka katikati hadi chini, ipitishwe kwa pembeni. Na geji za kabla ya miaka ya 1960 zenye rangi inayong'aa gizani huenda zina radiamu (madini yenye mionzi), usizikwangue kabisa.

Ukirudisha kioo cha plastiki, kifute kwa kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni ya vyombo, kisiwe kikavu wala spiriti. Ukisugua kwa kitambaa kikavu kinapata chaji ya umeme tuli na mshale unaelea peke yake gari likiwa limezimwa, halafu utarudi hapa kuuliza kwa nini kalibresheni imehama.