Robin Rhode: tunatazama michoro au picha?

Mgeni wa Maonyesho

Wanajukwaa, salaam. Hivi karibuni nikiwa Johannesburg nilipata nafasi ya kuona kazi za Robin Rhode, msanii aliyezaliwa Cape Town mwaka 1976, akakulia Johannesburg, na ambaye sasa anaishi Berlin. Nyingi ni picha za kamera zilizopangwa safu kwa safu kama kurasa za katuni, na ndani ya kila picha yumo mtu anayeshughulika na kitu kilichochorwa ukutani kwa chaki au rangi, kana kwamba kitu hicho kipo kweli. Kando ya picha hizo ilitundikwa michoro ya karatasi, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mwenzangu, ambaye ni mpiga picha, alishikilia kwamba picha zile ni kumbukumbu tu ya tendo lililokwisha, sawa na picha za harusi, na kwamba kazi yenyewe ilitoweka siku ukuta ulipofutwa. Sikuridhika, lakini nilikosa hoja ya kumjibu. Je, kazi za namna hii tuzitazame kama michoro au kama picha? Na ikiwa mchoro umeshafutwa, anayenunua ananunua nini hasa?

Mwalimu wa Sanaa

Ndugu, swali lako ni zuri, na mwenzako hajakosea kabisa. Rhode ameeleza mara nyingi kwamba chanzo cha mtindo wake ni uonevu wa shuleni: wanafunzi wa madarasa ya juu waliwaingiza wanafunzi wageni chooni, wakachora kitu ukutani kwa chaki, kisha wakamwamuru mgeni akitumie, ikichorwa baiskeli aipande, ukichorwa mshumaa aupulize uzimike. Kamera haikuwepo. Kulikuwa na mchoro, na mwili uliolazimishwa kuuamini.

Mwaka 2000 alichora benchi kwa mkaa kwenye ukuta wa Bunge mjini Cape Town, akajaribu kulikalia. Uzito wa tendo hilo unaeleweka ukikumbuka kwamba sheria ya mwaka 1953, iliyofutwa mwaka 1990, iliruhusu mabenchi, fukwe na hata milango ya ofisi kutengwa kwa rangi ya mtu, na kwamba sheria hiyo ilitungwa na Bunge hilohilo. Kwa kazi ya aina hii nakubali kwamba tendo lenyewe ndilo lenye nguvu, na picha inafuata nyuma.

Sasa linganisha na kazi yake ya mwaka huohuo iitwayo *He Got Game*, yenye picha 12. Mtu amelala juu ya lami, goli la mpira wa kikapu limechorwa kwa chaki karibu naye, na kamera inatazama kutoka juu. Aliyepita mtaani saa ile aliona kijana anayejigeuzageuza chini, basi. Ni ndani ya picha tu ndipo lami inapogeuka kuwa anga, na kijana anaruka, anapinduka hewani na kufunga. Kitu tunachokiona hakikutokea mahali popote kabla ya picha, kwa hiyo hakiwezi kuitwa kumbukumbu. Mwambie mwenzako kwamba hapa harusi imefungwa ndani ya picha yenyewe.

Mchora Mkaa

Mwalimu, kwa heshima zote, nadhani umeipa kamera sifa nyingi mno. Mimi huchora kwa mkaa, na jambo la kwanza ninalolitafuta katika picha za Rhode ni alama zilizobaki. Chaki haifutiki yote: mstari wa hatua iliyopita hubaki kama ukungu hafifu, na rangi ya maji huacha michirizi inayoteremka. Ukisogea karibu, huku ukipuuza kidogo kile mtu anachokifanya, utaona kwamba ukuta nao unazeeka kutoka picha moja hadi nyingine. Mpiga picha makini angeweza kusafisha alama hizo zote; zimeachwa kwa sababu ni sehemu ya uchoraji.

William Kentridge, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1955, alikuwa ameshaifungua njia hii. Tangu mwaka 1989 amekuwa akitengeneza filamu kwa kuchora kwa mkaa, kupiga fremu (picha moja moja ya filamu) moja au mbili, kurudi kwenye karatasi, kufuta kidogo na kuchora tena, kisha kurudi kwenye kamera. Filamu nzima inaweza kutoka katika michoro michache tu, kwa kuwa kila karatasi imebeba mamia ya mabadiliko. Karatasi hizo zikitundikwa kwenye maonyesho huwa zimejaa vivuli vya yaliyofutwa, na binafsi huzipenda kuliko filamu zenyewe. Tofauti ni kwamba Kentridge hubaki na karatasi yake, ilhali ukuta wa Rhode huachiwa mvua na wapita njia. Kwa miaka kadhaa alitumia ukuta mmoja wa Westbury, mtaa wa Johannesburg ambao serikali ya ubaguzi iliutenga kwa watu iliowaita machotara, akifanya kazi na vijana wa hapohapo. Picha za ukuta huo si za faraghani. Ni mchoro uliofanyiwa kazi mbele ya macho ya mtaa.

Mwalimu wa Sanaa

Hoja ya alama naipokea. Naomba tu uongeze vivuli vya jua: kivuli cha mwili kikihama kutoka fremu moja hadi nyingine, hiyo ni saa iliyopita, na mkono hauwezi kuichora saa hiyo. Ndiyo maana ningemshauri muulizaji asichague upande. Mtazame pia Carlos Garaicoa wa Havana, anayepiga picha za majengo yaliyobomoka, kisha akachomeka pini juu ya picha na kuvuta nyuzi kati yake hadi umbo la jengo lililokuwepo lirudi. Kwake mpangilio umegeuka, kwani picha inatangulia na mchoro unakuja juu yake, lakini ukiziondoa nyuzi unabaki na gofu tu.

Fundi Fremu

Nijibu lile la manunuzi, maana wakubwa wamelipita. Anayenunua picha ya aina hii hupata chapisho lenye sahihi na namba, au cheti cha msanii. Ukiona 3/5, maana yake ni nakala ya tatu kati ya tano, na msanii anajifunga kutochapisha zaidi ya hapo, isipokuwa nakala chache za msanii mwenyewe, ambazo huandikwa kando. Kazi ya picha 12 kwa kawaida huuzwa kama kitu kimoja. Huwezi kununua ile ya tano peke yake kwa sababu umeipenda. Mchoro wa karatasi hauna namba, kwa kuwa uko mmoja tu. Ukuta haumo katika mauzo. Ukirudi kwenye maonyesho, soma kibandiko cha kila kazi kabla hujabishana na mwenzako: kitakueleza kama kilichoko mbele yako ni chapisho la picha au ni mkaa juu ya karatasi, na mwaka gani.

Mgeni wa Maonyesho

Nashukuru sana. Vibandiko nilivipita bila kuvisoma, na vile vivuli vya jua sikuviangalia kabisa. Maonyesho bado hayajafungwa, nitarudi naye Jumamosi.