Msaada: Apache inatoa 503 baada ya kuapdeti Tomcat, ila programu yenyewe iko hewani

poti_kavu (mwenye uzi)
Wakuu habarini, naombeni msaada maana hapa nimekwama kabisa. Nina mashine mbili, ya mbele ina Apache 2.4 ndiyo inapokea watu, ya nyuma ina Tomcat 9 na ndiko programu inakokaa, zinaongea kwa AJP (itifaki ya Apache kupeleka maombi kwa Tomcat) poti 8009. Ilikuwa inapiga kazi vizuri tu, tukapandisha Tomcat kutoka 9.0.30 kwenda toleo jipya la hiyo hiyo 9, server.xml (faili la mipangilio ya Tomcat) nikaihamisha ile ile ya zamani bila kugusa kitu, tangu hapo kila anayefungua anakutana na 503 Service Unavailable. Kinachonichanganya ni kwamba nikiingia poti 8080 ya Tomcat moja kwa moja programu inafunguka fresh kabisa. Apache nimeshairistati, mashine zote mbili nimeziristati, wapi. Watu wamekaa wanasubiri, anayejua anisaidie tafadhali.

nyaya_tupu
Pole sana mkuu. Hiyo 503 haijatoka kwenye programu yako, Apache mwenyewe ndiye anayeitoa akishindwa kumpata mwenzake wa nyuma, kwahiyo kuristati hakutakwambia kitu. Fungua error_log ya Apache utuwekee mistari ya mwisho. Angalia namba iliyo kwenye mabano karibu na neno la kosa, hiyo ndo inaongea. Ikiwa 111 maana yake mashine ya nyuma imefikika ila kwenye hiyo poti hakuna anayesikiliza. 110 ni kimya, pakiti zinaenda hazijibiwi, hapo shuku faiawoli kwanza. 113 mara nyingi ni faiawoli pia ila ile inayokataa waziwazi. Ukiona 13 ujue ombi halijatoka hata nje ya mashine ya mbele, SELinux (ulinzi wa ndani ya Linux) ndo imemzuia Apache asifungue koneksheni, hiyo dawa yake ni `setsebool -P httpd_can_network_connect 1`. Watu wengi wanarukia kuzima faiawoli kabla hata ya kuangalia hiyo namba, usifanye hivyo.

poti_kavu
Asante mkuu, hii hapa:

`(111)Connection refused: AH00957: AJP: attempt to connect to 10.0.0.12:8009 (10.0.0.12) failed`
`AH00959: ap_proxy_connect_backend disabling worker for (10.0.0.12) for 60s`

dada_konsoli
Basi Apache muache kwanza, tatizo liko kwa Tomcat. Ingia mashine ya nyuma piga `ss -lntp | grep java` uone poti zipi ziko wazi, halafu fungua catalina.out, logi ya Tomcat, usome kuanzia pale Tomcat inapowaka, usisome mwisho tu. Nina uhakika 8009 haipo kwenye orodha.

poti_kavu
Dada umeona mbali, ipo 8080 tu, 8009 haipo kabisa. Na kwenye catalina.out juu huko nimekuta hii:

`The AJP Connector is configured with secretRequired="true" but the secret attribute is either null or "". This combination is not valid.`

Sasa mimi hiyo secretRequired sijaiandika popote, imetoka wapi?

dada_konsoli
Ni difolti mpya. Kuanzia 9.0.31, iliyotoka Februari 2020, AJP ilibadilishwa mambo mawili makubwa, la kwanza konekta (sehemu ya Tomcat inayosikiliza poti hiyo) haiwaki bila neno la siri, la pili isipoambiwa anwani inasikiliza loopback tu, yaani ndani ya mashine yenyewe. 8.5.51 na 7.0.100 ni hivyo hivyo. Wewe umevuka kutoka 9.0.30 kwahiyo umeruka ukuta huo huo bila kuuona, na server.xml yako ya zamani ina mstari mfupi usiosema lolote kati ya hayo mawili. Tomcat yenyewe inawaka, 8080 inawaka, AJP peke yake inabaki imelala, ndo maana unaona programu ni nzima.

mzee_wa_skripti
Mbona rahisi, andika secretRequired="false" na address="0.0.0.0" (isikilize anwani zote) uendelee na maisha, mimi ninavyo hivyo na hakuna shida.

dada_konsoli
Hapana mzee wangu, kwa heshima zote huo ushauri naupinga. AJP inaamini kila inachoambiwa na aliye mbele yake, haina namna ya kujua kama ni Apache au ni mtu mwingine. Hayo mabadiliko yalikuja kwa sababu ya Ghostcat, tundu la usalama la Tomcat lenye namba CVE-2020-1938, mtu aliyeweza kufika 8009 alikuwa anasoma mafaili ya ndani ya programu, hata yaliyo kwenye WEB-INF ambako watu wanaweka nywila za database. Na kama programu inaruhusu kupakia mafaili anaweza kufika hadi kuendesha kodi yake humo. Ukiweka 0.0.0.0 bila siri unategemea faiawoli peke yake, siku mtu akiigusa vibaya uko uchi.

poti_kavu weka hivi, anwani iwe ile ya mtandao wa ndani tu:

`<Connector protocol="AJP/1.3" address="10.0.0.12" port="8009" redirectPort="8443" secretRequired="true" secret="neno_refu_la_kubahatisha" />`

Halafu kwenye faiawoli ruhusu IP ya Apache pekee kufika 8009.

poti_kavu
Nimefanya, sasa ss inaonyesha `[::ffff:10.0.0.12]:8009`, na kutoka mashine ya mbele `nc -zv 10.0.0.12 8009` inakubali. Ila sasa brauza inaleta 403 badala ya 503!

nyaya_tupu
Hiyo 403 ni habari njema, sasa wameshakutana, Tomcat inamkataa Apache kwa kuwa hajataja siri. Kwenye upande wa Apache:

`ProxyPass "/app" "ajp://10.0.0.12:8009/app" secret=neno_refu_la_kubahatisha`

Ila kabla ya hapo piga `httpd -v`, hiyo secret= ilianza kwenye 2.4.42, kama yako ni ya chini ya hapo na mtengenezaji wa mfumo wako hajaiongeza kwenye toleo lake hilo la zamani, Apache itakataa kuwaka. Hapo ni ama upandishe Apache ama uhamie HTTP.

kebo_ndefu
Mimi ningehamia HTTP tu. Elekeza Apache kwenye `http://10.0.0.12:8080/app`, weka `ProxyPreserveHost On` na `RequestHeader set X-Forwarded-Proto "https"`, na upande wa Tomcat ongeza RemoteIpValve (kipande cha Tomcat kinachosoma IP halisi ya mgeni) yenye protocolHeader="X-Forwarded-Proto", usipoiweka hiyo logi zako zote zitaonyesha IP ya Apache na programu itadhani watu wanakuja kwa http, ukilogin inakurudisha kusiko. Faida yake ni kwamba siku ikigoma unapiga curl unaona jibu kwa macho yako, AJP curl haiiongei.

poti_kavu
Apache yangu ni 2.4.57, nimeweka secret= na IMEWAKA, watu wameshaanza kuingia, Mungu awabariki sana. Swali dogo tu, nikiristati Tomcat inawaka haraka lakini 503 inaendelea kama dakika nzima ndo inaachia, hiyo nayo ni nini?

dada_konsoli
Rudi kwenye ule mstari wako wa pili wa logi, disabling worker for 60s. Apache akigonga akakosa, anaiweka seva ya nyuma pembeni sekunde 60 hata kama imesharudi. Ongeza `retry=5` mwishoni mwa huo mstari wa ProxyPass. Hata 0 inakubalika kama seva ya nyuma ni moja tu, inamaanisha ajaribu kila ombi.

poti_kavu
Nimeweka 5, nimeristati Tomcat kujaribu, imerudi hapo hapo. HTTP ya kebo_ndefu nitaijaribu kwenye mashine ya majaribio kwanza.