Mrejesho: paka anayerukia kamba na kuing'ata, ana furaha au hasira?

Asanteni wote kwa majibu. Jibu fupi: ni furaha, mradi masikio yameelekea mbele, mwili umelegea na hatoi sauti. Kutikisa makalio kabla ya kuruka ni dalili nzuri zaidi. Ncha ya mkia ikichezacheza, anakazia macho windo tu. Mkia mzima ukipigapiga huku masikio yamelala, acha mchezo papo hapo.

Kosa kubwa ni kumsogezea kamba usoni. Windo halimfuati paka! Ivute ikimkimbia, ifiche nyuma ya mto, isimamishe kidogo, kisha iache ikamatwe mara kwa mara. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, mara 2 au 3 kwa siku, na chakula kifuate mchezo. Taa ya leza humchosha bila kumridhisha kwa kuwa hakuna cha kushika, hivyo malizia na kitu anachoweza kukumbatia na kukipiga mateke ya nyuma.

Mkono usiwe kichezeo kamwe. Na kamba ifungiwe kabatini baada ya mchezo: akiimeza inaweza kukunja utumbo na kuukata.