Ndege wa mlango wa Sabaki: tuende kwa maji gani na saa ngapi?

Mkaazi wa Malindi mjini aliuliza:

Assalaam alaykum, waungwana. Nimeanza kupiga picha za ndege kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya mji wetu, kwa lenzi ya milimita 400, na mambo mawili yananitatiza. La kwanza, nikienda asubuhi na mapema ndege huruka kabla sijawafikia, na wachache wanaobaki huwa upande wa bahari, jua linakochomoza, kwa hiyo pichani hutoka weusi tupu. La pili, yangeyange wanaosimama kwenye matope hutoka weupe mno, hata unyoya mmoja hauonekani. Naomba mwenye ujuzi anifahamishe niende wakati gani, nikae wapi, na kamera niiweke vipi.

Mpigapicha wa Mambrui alijibu:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kabla ya kamera, tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hujaa mnamo saa kumi alfajiri na tena saa kumi alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Asubuhi unayokwenda wewe ndege wametawanyika matopeni wakila, mbali na mchanga mkavu, na kila hatua unayopiga kuwafuata wanaiona. Alasiri mambo hugeuka: maji yanapopanda huyafunika matope kidogo kidogo, na ndege waliokuwa mbali husogea wenyewe kuelekea mafungu ya mchanga ambako watapumzika mpaka maji yatoke. Wakati huo huo jua liko nyuma yako, upande wa bara, na linawamulika wao usoni.

Kwa hiyo fika saa nane, uchague mahali nyuma ya gogo au kichaka cha ufukweni, ukae chini mchangani, na lenzi iwe sawa na kimo cha jicho la ndege. Usiwafuate. Kitwitwi hutembea hatua chache, akadona, akakimbia tena, na ukitulia atapita mbele yako karibu kuliko ulivyotarajia. Akiacha kula na kunyoosha shingo, jua kwamba amekuona na ameingiwa na wasiwasi. Bakia hapo hapo bila kutikisika mpaka arudi kudona. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana, usiyategemee sana kwa kazi hii, kwa sababu siku hizo maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, na jua bado liko upande wa bahari.

Nalisisitiza hili kwa dhati: kundi lililopumzika juu ya fungu la mchanga lisirushwe kwa ajili ya picha ya mabawa. Wengi wa ndege hawa husafiri mwezi wa Aprili kurudi Ulaya na Asia, wengine hadi kaskazini ya mbali ya Siberia, na mafuta wanayoyaweka mwilini hapa Sabaki ndiyo yatakayowafikisha. Kila wanaporushwa huyachoma bure.

Dada wa Gede alijibu:

Kuhusu yangeyange, kamera hupima mwanga wa picha nzima. Ikiona matope meusi yamejaa pande zote, hudhani mahali pana giza, huongeza mwanga, na ndege aliye mdogo katikati huungua. Punguza mwanga kwa hatua moja (stop), wakati mwingine zaidi, kisha utazame kwenye kioo kama manyoya ya mgongo yameonekana. Yangeyange akijaza picha nzima, kamera hukosea kinyume chake, na hapo utalazimika kuongeza. Piga faili ghafi (RAW) ili upate nafasi ya kusahihisha baadaye, ingawa weupe ulioungua kabisa haurudi.

Kwa ndege anayeruka, kasi ya shata isipungue 1/2000 ya sekunde. Anayetembea polepole hutosha 1/500. Aidha, saa za mchana hewa ya moto huchezacheza juu ya mchanga, yale mazigazi tunayoyaona kwa mbali, na picha ya ndege aliye mbali hutoka laini hata kama fokasi ni sahihi. Tatizo hilo haliondolewi na lenzi ya bei kubwa. Dawa yake ni kumsubiri ndege awe karibu.

Mpenda Mandhari alijibu:

Nakubaliana na wenzangu juu ya ndege, lakini asubuhi isidharauliwe. Jua likiwa chini kabisa, kila mkunjo uliochorwa na upepo juu ya vilima vya mchanga huwa na upande wa mwanga na upande wa kivuli, na maji yanayotoka huacha matope yenye unyevu yanayoakisi mbingu. Baada ya saa mbili asubuhi uzuri huo umekwisha. Usibadilishe lenzi pale ufukweni, hasa wakati wa upepo wa kusi, kwa sababu mchanga huingia kwenye kamera. Na tafadhali nenda na mwongozaji mwenyeji, maana mtoni mna viboko na mamba, na ukingo wenye matete si mahali pa kujificha.

Mkaazi wa Malindi mjini aliandika:

Nawashukuru sana. Je, kuna msimu ulio bora? Na mnasemaje juu ya droni kwa picha za mlango wa mto?

Mpigapicha wa Mambrui alijibu:

Kila msimu una wageni wake. Wakati wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba hivi, hufika Glareola ocularis, ndege wa kahawia mwenye mstari mweupe chini ya jicho, ambaye huzaa Madagaska peke yake, na Sabaki ni mahali mashuhuri pa kumwona kwa makundi. Wakati wa upepo wa kaskazi nenda pia hori ya Mida, ambako kuna daraja la mbao kati ya mikoko na kibanda cha kuangalizia, umtafute Dromas ardeola, ndege mweusi kwa mweupe, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa.

Droni iache nyumbani. Hapa Kenya inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hata ukiwa nacho, ndege huiona kama mwewe na kundi zima huruka kwa pamoja.