Ushauri: kivuli cha turubai la kuvutwa kwa waya, nichukue PVC au neti?

Baba Supu
Wakuu, heshima kwenu. Nina sehemu yangu ya supu na nyama choma huku Kigamboni. Nataka kivuli cha kisasa, yale maturubai meupe yanayovutwa kwa waya kila kona, maana makuti yameniletea panya na bati linachoma wateja. Eneo ni mita 8 kwa 10. Kuna PVC zito na kuna ile neti ya kijani ya vitalu. Neti bei yake nafuu, ila mvua inapita. Nichukue ipi, na rangi gani haichoshi macho? Naomba majibu ya haraka, hili kusi la siku hizi limeninyima usingizi. Matusi hapana.

Kijiwe Nongwa
Natia mguu hapa. Kabla ya turubai, supu bakuli bei gani?

Dada Ubani
Neti ya kijani hapana kaka. Picha zote wateja wanatoka kama wamelazwa. Chukua krimu.

Mama Tenti
Mimi nakodisha matenti ya harusi na misiba, upepo naujua. Kuna harusi moja huko Mbezi, bwana harusi ndo anakata keki, tenti ikanyanyuka na vigingi vyake ikaenda kulala juu ya gari la MC. Mwenye shughuli akagoma kumalizia hela, eti nimemharibia siku. Hela ya watu hiyo mpaka leo sijaiona, na yeye nakutana naye kanisani ananisalimia vizuri tu. Kwa hiyo andikishianeni.

Mhandisi Kimya
Baba Supu, kama kitambaa bado hujanunua, upepo unakunyima usingizi wa nini?

Baba Supu
Mkuu umenibana. PVC limeshafungwa. Nilitaka kujua kama niliache au nibadilishe. Usiku upepo ukizidi linapigapiga kona moja mpaka alfajiri. Fundi anasema kitambaa kipya, kitazoea.

Mhandisi Kimya
Kitambaa hakizoei. Kinachopigapiga kinachanika, na kinaanzia konani au kwenye mshono. Nijibu matatu. Kona nne ziko kimo kimoja au zimepishana? Ukingo umekatwa umenyooka au umeingia ndani? Nguzo zimesimama juu ya nini?

Baba Supu
Kona zote kimo kimoja, mita 3, ili paonekane nadhifu. Ukingo umenyooka, fundi alisema ukikata kwa kupinda unatupa kitambaa bure. Nguzo ni paipu za inchi 4, nzito kwelikweli. Waya ni ule wa kuvutia magari.

Mchoraji Ramani
Hapo kwenye kona ndipo mlipokosea. Kitambaa hakina ubavu wa kusimama chenyewe, kinasimama kwa umbo. Kona mbili zinazotazamana kimshazari ziende juu, mbili zishuke, kitambaa kipinde huku kwenda juu na kule kwenda chini. Upepo ukikibeba, mpindo mmoja unakaza. Mvua ikikikandamiza, unakaza ule mwingine. Likiwa tambarare kama lako maji yanatuama katikati. Sentimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni kilo 10, na maji yakishaanza kutuama kitambaa kinalegea, yanakuja mengine juu yake.

Msanifu majengo Mjerumani, Frei Otto, alikuwa anachovya fremu za waya kwenye maji ya sabuni atazame utando unajivuta vipi. Yeye na Günther Behnisch ndio wa lile paa la uwanja wa Olimpiki wa Munich wa 1972, ingawa pale juu ya nyavu za nyaya ni vigae vya plastiki angavu, si kitambaa. Alifariki Machi 2015 na tuzo yake ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo, ikatangazwa mara tu baada ya kifo chake. Huna haja ya sabuni. Chukua soksi ndefu za kike, ikate, ibane kwenye pini nne za vimo tofauti juu ya ubao. Utaona mwenyewe kingo zinaingia ndani bila kuambiwa.

Kijiwe Nongwa
Yaani Baba Supu akakate soksi za mkewe kwa ajili ya supu. Huu uzi nauhifadhi.

Foromali
Miye mtu wa Unguja, babu yangu alikuwa akishona matanga ya majahazi. Tanga hulikati kama shuka. Unalipa tumbo lake tangu kwenye kukata, na ukingoni unashona kamba, maana maradufu, kile kitambaa cha tanga, peke yake haiwezi kushika. Huyo fundi wako kaokoa kitambaa cha pembeni, kapoteza chote. Waya wa ukingoni lazima upinde kuingia ndani. Ukingo wa mita 10, upe japo mita moja pale katikati.

Mhandisi Kimya
Foromali kasema kweli na hesabu inamuunga mkono. Mpindo wa mita moja ukiupunguza ukawa nusu mita, waya unavutwa kwa nguvu mara mbili. Ukitaka unyooke kabisa hakuna waya utakaokutosha, ndo maana wako umelegea na kitambaa kinapiga kelele.

Baba Supu, swali la tatu umeliruka.

Mtumishi wa Amani
Ndugu yangu, hujatuambia kama hapo mnauza na pombe. Watu wanapiga muziki mpaka saa nane za usiku, majirani wana watoto wachanga, halafu mkinyimwa usingizi mnasema ni upepo. Jitafakari.

Baba Supu
Pombe siuzi, nauza soda na ndimu.

Mhandisi, sikuruka, nilisahau. Nguzo ziko juu. Jengo ni la ghorofa tatu, nimepanga kule juu kabisa kwenye paa la zege. Kila nguzo chini ina bezi pleti, bamba la chuma, na bolti nne zimeingia kwenye slabu. Lakini kabla hamjanirukia: zege lile ni inchi 5, mwenye nyumba anasema alimwaga kwa nondo za kutosha, na watu 60 wanakaa pale bila kutikisika. Kama linabeba watu 60 litashindwa na kitambaa? Na tarehe 14 Februari nimeshapokea advansi ya sherehe.

Dada Ubani
Kwa hiyo tulikuwa tunachagua rangi ya kitu kilichoko ghorofa ya tatu.

Mhandisi Kimya
Watu 60 wanasukuma chini. Kitambaa kinavuta juu, ndiyo tofauti. Slabu ilisukwa nondo kwa mzigo wa kushuka, na bolti za kutanua zilizotobolewa baadaye kwenye inchi 5 za zege zinaweza kung'oka na kipande chake.

Tuhesabu kwa makadirio. Upepo wa kilomita 72 kwa saa unakandamiza au kunyonya kama kilo 25 kila mita ya mraba. Una mita 80, hiyo ni tani mbili zinataka kwenda juu. Upepo ukifika kilomita 108, inakuwa zaidi ya tani nne, kwa sababu mwendo ukizidi kidogo nguvu inazidi sana. Na wewe uko juu, ufukweni, ambako upepo unagonga ukuta wa jengo na kupanda nao mpaka chini ya kitambaa chako. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipita Mafia, kwa hiyo msiniambie pwani yetu haina upepo.

Nguzo zinatakiwa zisimame juu ya nguzo za jengo, si katikati ya slabu, na mhandisi aliyesajiliwa azione nondo kwenye michoro. Chini ardhini ingekuwa rahisi, unachimba na kumwaga zege. Mita moja ya ujazo ni karibu tani mbili na nusu, uzito wenyewe unashikilia. Kule juu huna cha kuchimba.

Alhaji wa Mtaa
Mashaallah, uzi mzuri. Mimi nilipokwenda Hijja niliyaona ya Jeddah, kituo cha mahujaji pale uwanja wa ndege. Mapaa 210 kama mahema, yako tangu 1981, ni nyuzi za kioo zilizopakwa teflon. Chini yake kuna kivuli na hewa inapanda inatokea juu, mtu unasubiri basi bila kiyoyozi. Na Mina baada ya ule moto wa 1997 waliweka mahema yasiyoshika moto. Baba Supu, wewe unachoma nyama chini ya turubai. Hilo mbona hakuna aliyeuliza?

Baba Supu
Jiko liko pembeni, mita mbili hivi kutoka ukingoni. Cheche zinapeperuka upande mwingine.

Mama Tenti
Upande mwingine mpaka upepo ugeuke.

Kijiwe Nongwa
Ngojeni kwanza, mimi nimekaa kimya nimesoma uzi tangu juu. Jamaa anasema KUSI linamnyima usingizi. Leo ni Januari. Kusi la Januari linavuma wapi? Mtu wa Kigamboni, ufukweni kabisa, hajui kaskazi? Mara kibanda, mara ghorofa ya tatu, mara wateja 60, mara advansi ya wapendanao. Wakuu, hii ni chai, tena ya tangawizi. Mtu kakaa zake bweni anatungia watu maswali.

Foromali
La kusi hata miye nimelistaajabia, nikanyamaza.

Mchoraji Ramani
Kama ni chai basi nimeandika aya mbili za bure. Mods fungeni.

Dada Ubani
Chai au si chai, mimi nimejifunza ya soksi.

Baba Supu
Mnanikosea wakuu. Mimi ni mtu wa Singida, kwetu upepo ni upepo, hayo majina ya upepo wa baharini nayasikia kwa wavuvi nachanganya. Bweni gani na mimi nina watoto watatu? Fundi mwenyewe ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndo maana nimekuja huku usiku usiku badala ya kumuuliza yeye. Picha hiyo hapo, imepigwa leo saa kumi jioni. Wenye macho waone.

Kijiwe Nongwa
Nafuta kauli. Ila hizo taa za rangi umezidisha.

Mama Tenti
Jamani mimi naona vibaya au? Nguzo naziona tatu. Kona ya nne, ile ya nyuma, waya umekwenda kufungwa kwenye stendi ya tangi la maji?

Baba Supu
Nguzo ya nne ingeziba ngazi. Shemeji akasema tangi lina lita 5,000, likijaa ni tani tano, hakuna upepo wa kulihamisha. Hapo nilimwona ana akili.

Kijiwe Nongwa
Na maji yakikatika?

Mhandisi Kimya
Kijiwe leo umeuliza swali la maana kuliko mimi. Stendi ile imesimama kwa uzito wa maji tu. Usiku mmetumia maji, tangi nusu, waya unaivuta kwa ubavu kutokea juu. Ikilala, inalala upande gani? Naona kwenye picha bomba la maji limeshapinda pale kwenye kiungo, na chini yake zege lina alama ya mguu wa stendi kuburuzika. Hiyo imeshaanza kutembea. Kwa hapo mambo ya umbo na rangi yaache. Shusha kitambaa leo hii, kabla hujalala. Anza na kona zilizo upande unakotokea upepo, mshike watu wanne, mtu asijifunge kamba mkononi.

Baba Supu
Nikishusha nitamwambia nini shemeji? Mke wangu atasema nimemdhalilisha kaka yake. Na hela ya kitambaa imeshalipwa. Siwezi kufunga waya wa ziada kwenye ukuta wa pembeni nikasukuma mpaka Februari 14?

Mhandisi Kimya
Ule ukuta ni tofali za inchi 6 zilizosimamishwa bila nondo. Hapana.

Alhaji wa Mtaa
Shemeji mwambie mwenye nyumba kakataa. Si uongo, ukimwonyesha hiyo alama atakataa kweli.

Mama Tenti
Sherehe yako nitakupa tenti mbili za fremu uwanjani chini, mapipa ya mchanga kila mguu. Bei ya jukwaa. Inbox.

Baba Supu
Tumekishusha, mimi na vijana watatu wa jikoni. Kona ya tangi ilipoachiwa stendi ilirudi yenyewe kama inchi mbili, mlio wake tumeusikia wote. Shemeji kapigiwa simu na mtu, sijui nani, sasa hapokei yangu. Kitambaa nimekikunja kiko stoo.

Mchoraji Ramani
Usikunje, kiviringishe kwenye paipu kikiwa kikavu, PVC likikaa na mikunjo linapasuka pale pale. Pengine linaweza kukatwa upya likatoa kona mbili juu na mbili chini, litapungua kidogo tu.

Kijiwe Nongwa
Mkuu, kama huna mpango nalo, nina fuso linahitaji turubai. Unauza?

Baba Supu
Siuzi.