Data ya rada kwenye NetCDF: units iwe dB au dBZ? Na wastani wake

mvua_na_namba: Wakuu, naandaa faili za NetCDF (muundo wa kuhifadhi data za kisayansi) za rada ya mvua kwa kufuata CF, yaani kanuni za metadata za faili hizo. Kigezo ni equivalent_reflectivity_factor, kimehifadhiwa kama byte, scale_factor 0.5, add_offset -32 (thamani = byte × 0.5 - 32), picha moja kila dakika 5. Kwenye units niweke dB au dBZ? Pili, wastani wangu wa saa uko chini ya wa mwenzangu kwa desibeli kadhaa wakati data ni ileile. Yeye alianza na Z isiyo ya logi (nguvu ya mwangwi kwa mm6 m-3; dBZ ni 10 log ya Z). Tatu, pale pasipo na mwangwi niweke nini, maana logi ya sifuri haipo?

Fundi_CF: Weka dBZ. dB tupu ni uwiano tu, haisemi uwiano na nini. dBZ imebeba rejea yake, 1 mm6 m-3, na UDUNITS (maktaba ya kugeuza vipimo) inaitambua kama 0.1 lg(re 1 mm^6 m^-3), kwa hiyo 30 dBZ inageuka 1000 bila wewe kuandika fomula. dB ibaki kwa tofauti: ZDR (tofauti ya mwangwi wa mlalo na wa wima), au kosa la kipimo. "±1 dBZ" haina maana, andika ±1 dB.

Kuhusu wastani, mwenzako yuko karibu zaidi na ukweli. Chukua 20 na 40 dBZ. Wastani wa logi ni 30. Lakini Z zake ni 100 na 10000, wastani 5050, yaani 37 dBZ. Hapo mmeachana desibeli 7. Ila kama mnachotafuta ni mvua, hata yeye amekosea. Kwa Z = 200R^1.6 (R ni mvua, mm kwa saa), 30 dBZ inatoa 2.7 mm kwa saa na 37 dBZ inatoa 7.5. Ukigeuza kila picha kuwa R kwanza, ndipo utoe wastani, unapata 6.1. Hiyo ndiyo namba ya kumpa mtu wa mafuriko.

Na metadata iseme ulichofanya. "time: mean" peke yake haimwambii msomaji ulijumlisha upande gani wa logi. Andika:

cell_methods = "time: mean (interval: 5 minutes comment: wastani umetolewa kwenye mm6 m-3, kisha dBZ)"

pwani_hdf: Nijibu la tatu. Kuna mambo mawili watu huyachanganya: rada imepima na haikuona kitu, na rada haikupima kabisa (mlima umekinga, mtambo umezimwa). ODIM_H5 (muundo wa faili za rada) inayatenganisha, undetect na nodata. Kwenye NetCDF, _FillValue (thamani ya data iliyokosekana) iwe ya kutopimwa tu, kisha ongeza kigezo cha pembeni chenye flag_values na flag_meanings "echo no_echo not_scanned", ukiunganishe kwa ancillary_variables.

Mfano: picha 12, tatu zina 30 dBZ, tisa hazina mwangwi. Zisizo na mwangwi ni Z = 0 na zinahesabiwa kwenye kigawanyo: 250, sawa na 24 dBZ. Ukizitupa kama data iliyokosekana unapata 30. Ukiziacha kama byte 0, programu inazisoma -32 dBZ, na wastani wa logi unaporomoka hadi -16.5. Saa ileile, majibu matatu!

mvua_na_namba: Asanteni sana. Hilo la mwisho ndilo hasa linaonekana kwenye ramani zangu. Ila nina pikseli nyingine zinasoma -96, tena katikati ya wingu zito.

Fundi_CF: Hiyo si logi mkuu, ni alama ya hasi na chanya. Byte ya NetCDF ya kawaida ina hasi na chanya, -128 hadi 127. Namba 128 ilitakiwa kuwa 32 dBZ, inasomwa -128, ukizidisha 0.5 na kutoa 32 unapata -96. Kila kilichozidi 31.5 dBZ kinaharibika, yaani mvua kubwa yote. Tumia ubyte ya NetCDF-4, au short kama bado una wasomaji wa muundo wa zamani.

sauti_chini_ya_maji: Nadandia uzi: sisi wa maikrofoni za baharini tatizo ni rejea. Majini ni 1 µPa, hewani ni 20 µPa, tofauti 26 dB. Faili likisema "dB" tu, tunafanyaje?

pwani_hdf: Kwa shinikizo andika 0.05 lg(re 1e-6 Pa). Ni 0.05, si 0.1, kwa sababu ni 20 log. Na rejea irudie kwenye long_name, wengi hawafungui units.